Mapazia Mawili ya Hénock

Studio ya Hénock, kule La Rochelle, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, ni chumba kimoja nyuma ya saluni. Ukutani mna mapazia mawili ya kupigia picha. La kwanza, lililochapishwa kiwandani, ni ziwa Königssee katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani: maji ya kijani, milima inayotumbukia ziwani, kanisa jeupe lenye kuba nyekundu. La pili alilichora mwenyewe kwa miezi sita. Ni ziwa Kivu, kama linavyoonekana kutoka Bukavu, kwao.

Ujerumani hajafika. Lakini wateja, wanaotaka kwao waamini wamefika huko, humwuliza watasimulia nini nyumbani, ikambidi asome. Mashua za kule huenda kwa umeme, huwaambia, maji yasichafuke. Katikati ya ziwa nahodha huzima mota, hupuliza tarumbeta, na mwamba humjibu. Wanakariri hayo kama katekisimu, wanapigwa picha, wanatuma. Uvira na Bukavu zimejaa wazazi ambao watoto wao wameisikia tarumbeta hiyo.

Mbele ya Kivu hajasimama mtu.

"Simama hapa leo, maman Angélique," alimwomba msusi wa saluni. "Bure."

"Papa Hénock, hayo maji niliyakimbia na mtoto mgongoni."

"Humu sikuchora vita."

"Eish. Basi si Kivu." Akarekebisha wigi, akaenda kusimama Ujerumani.

Jumapili iliyofuata dada wa Hénock, Marcelline, anayekaa na mama yao Bukavu, aliomba picha mpya ya kaka yake, ya kutundika sebuleni. Hénock alivaa koti, akatega kamera, akasimama mbele ya Kivu. Hatimaye, alifikiri, yuko mtu atakayelipenda. Akatuma, akashinda akiitazama simu.

Jibu lilikuja alasiri, kwa ujumbe wa sauti.

"Yaya, kaka yangu, umefanya nini? Mama ameona ziwa akajua umerudi. Ametandika kitanda chako, amewaambia majirani. Nimemweleza ni kitambaa, sasa amekitandua. Tuma kama ile ya zamani, ya kanisa la kuba nyekundu. Anasema ile haimdanganyi, akiiona anajua uko mbali."

Alisikiliza mara mbili. Miezi sita alitafuta jicho moja la kuiamini kazi yake.

Akalivuta pazia la Kivu kwa nguvu hadi pete mbili zikakatika, akalikunja vibaya, akalisukuma chini ya meza. Kisha akategesha kamera upya, akaenda kusimama kando ya maji ya kijani, akisubiri sekunde kumi za kamera ziishe.