Kisigino Pembeni mwa Picha

Mtu wa kwanza niliyemwona akifa vitani alikuwa amekaa. Mshale ulimchoma shingoni akifunga kamba ya kiatu, kwenye mteremko ulio chini ya Kenyenya, karibu kabisa na mpaka wa kabila letu na majirani zetu. Hakuanguka. Alibaki ameketi vile vile, mkono mmoja ungali kwenye kamba, damu ikimchuruzika kifuani. Mimi nilikuwa na daftari mkononi na sikuandika hata neno moja. Nilijitupa nyuma ya kichuguu nikasali sala zote alizonifundisha mama yangu Msabato kule Ekerenyo, na mbili tatu za Kikatoliki juu yake, maana siku hiyo sikutaka kubagua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimeacha ualimu na kuwa mwandishi wa gazeti moja la Nairobi, nikikaa mjini Kisii. Niliandika habari za ajali, mahakama na bei ya mazao, mpaka ng'ombe walipoibwa mpakani, mchungaji akauawa, na watu wa pande zote mbili wakashika silaha. Mhariri aliniambia kwa simu ya posta kwamba maneno matupu hayamtoshi, anataka picha. Kamera sikuwa nayo. Rafiki yangu mmoja alikuwa nayo, mwenye studio ndogo sokoni Mosocho, aliyezoea kupiga picha za harusi na ubatizo. Kila mtu alimwita Fundi. Nilimbembeleza siku mbili. Alikubali kwa ajili ya urafiki, si kwa ajili ya habari.

Ukiwa mbali, vita ni kelele tu. Ukiwa karibu ni kazi ya mikono, nzito kama kupasua kuni. Niliwaona watu wawili wanaokatana kwa mapanga wakisimama ili wapumue, wakatazamana, kisha wakaendelea mpaka mmoja akaenda chini na mwenzake akazidi kumkata hata baada ya kunyamaza. Upande wetu nyumba zilikuwa zinaungua. Ng'ombe mmoja aliyesahauliwa ndani alilia mpaka paa likamwangukia. Fundi alipiga picha huku akitapika. Alitapika, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akapiga nyingine.

Adui waliporudishwa ng'ambo, vijana wetu walipanda mlima wakaiona kamera. Hapo likatokea jambo ambalo mpaka leo nashindwa kumweleza mtu wa kwingine akanielewa. Kwetu siku zile picha haikupigwa ovyo. Mtu alioga, akaazima koti, akafunga vifungo hadi shingoni, akasimama wima bila kucheka, na picha ikaenda kutundikwa ukutani kwa mama yake. Vijana wale walimtambua Fundi. Wengine alikuwa amewapigia picha za harusi zao. Basi wakajipanga. Walifunga vifungo vilivyobaki. Mmoja alifuta mkuki wake kwenye nyasi, wala hakuwa anaficha kitu. Alitaka uwe nadhifu.

"Fundi, miguu pia ionekane," alisema. "Mama anataka kuona niko na yote mbili."

"Warefu nyuma," Fundi akasema, kana kwamba tuko nje ya kanisa. "Simameni sawa. Siku ya soko mkuje Mosocho, kila mtu atapata yake."

Kesho yake alisafisha picha zile na kuzianika kwenye kamba. Tulizitazama pamoja. Katika ile ya vijana, pembeni kushoto, kwenye nyasi, palikuwa na kisigino cha mtu kimeelekea juu, kimevaa ndala ya tairi. Wakati wa kupiga, yeye hakukiona. Sasa alikiona.

"Hii haitoki hapa, Mwalimu," aliniambia. "Hiyo kipande nitakata, niwape yao. Wewe peleka ile ya nyumba."

"Lakini habari ni hii, Fundi."

"Hii ni kitanzi. Askari akiona huyo maiti na sura zao pamoja, watanyongwa. Hawa walisimama mbele yangu kama wateja."

Nikasema sawa. Kisha mteja akabisha hodi, Fundi akatoka kumsikiliza, nami nikaichomoa picha kwenye kamba, ingali na unyevu, nikaifungia ndani ya daftari. Nilitaka ukurasa wa kwanza. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa mchoyo wa sifa na nilikuwa mwizi, na picha ikaondoka na basi la Nairobi mchana ule ule.

Aligundua jioni. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama nimetaja jina lake, nikajibu hapana, kana kwamba kamera zilijaa Mosocho na yake isingejulikana. Wahenga husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, na aliyekuwa amesimama ukingoni ni yeye.

Picha ilitoka ukurasa wa kwanza. Mhariri alinisifu. Wiki hiyo hiyo askari wakaenda na gazeti mkononi, wakawakamata vijana wawili majumbani kwao, na kesi ikawa ya kuua.

Siku ya soko nilikwenda Mosocho kumwomba radhi. Alinisikiliza bila kuinua macho, kisha akanituma chumba cha giza nimletee chupa ya dawa ya kusafishia picha. Nilikuwa humo wakati wanaume wanne walipoingia dukani. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Hawakuwamo katika picha, lakini sura zao zilifanana na zilizomo. Walikuwa ndugu wa wale waliokamatwa.

Mmoja alitandika gazeti kwenye kaunta. "Hii ni kazi yako?"

"Picha ni yangu."

"Nani alipeleka kwa gazeti?"

"Sijui."

"Kuna mwalimu moja mnatembea na yeye. Mwenye daftari. Si ni yeye?"

"Yaya, hapana," Fundi akajibu. "Huyo anaandika bei ya ndizi tu."

Walimshika mkono wa kulia, wakaulaza juu ya gazeti. Wakamuuliza tena. Akasema hajui. Panga likashuka. Niliona vidole viwili vikibaki kwenye kaunta peke yao, na damu ikiwafunika vijana wa kwenye ukurasa. Alipiga kelele iliyoutikisa mgongo wangu. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na sauti, na kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni mimi. Badala yake nilipapasa mlango nikalipata komeo, nikalisukuma taratibu mpaka likaingia.

Walimpiga kichwani kwa ubapa wa panga. Wakamuuliza mara ya tatu. Hajui. Wakaivunja kamera kwa rungu, wakalirarua lile pazia lenye maua ambalo maharusi husimama mbele yake, wakaondoka.

Nilipotoka alikuwa sakafuni, ameukumbatia mkono. Nilichana kipande cha pazia nikaanza kumfunga.

"Wameenda?" akauliza.

"Wameenda."

Alifumba macho. Nilidhani anazimia, nikamwita.

"Hiyo komeo inalia sana," alisema. "Sijawahi kuipaka mafuta. Nikisikia unafunga, nikapiga kelele zaidi, wasisikie."

Niliendelea kumfunga.