Trekta, Shavo na Mguu wa Baba Mdogo

Mtu akiniuliza anunue mashine gani kwa shamba la ekari tatu, trekta ndogo au shavo ndogo, ile mashine ya koleo, mimi humuuliza kwanza jirani yake ni mtu wa namna gani. Wengi hufikiri natania.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha mantiki chuo kikuu, na walimu wa vyuo tulikuwa tumegoma kwa miezi mingi. Nikarudi nyumbani Mugutha, kwa mama, na masanduku mawili ya vitabu na mikono laini. Baba alikuwa ameshafariki. Alituachia kahawa iliyozeeka pamoja naye, na kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka, tuliikata yote vikabaki visiki. Sheria ilikataza kung'oa mibuni, lakini kijijini kwetu hakuna aliyeweza kukumbuka mara ya mwisho sheria hiyo ilipoonekana ikitembea. Mama alitaka visiki viondoke apande majani ya nepia kwa ng'ombe.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameendesha mashine miaka kumi na moja katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda, Thika. Kiwanda kilipopunguza watu na kuuza vyombo vyake vikuukuu, alinunua shavo ileile aliyokuwa akiiendesha. Ilikuwa fupi na nene, kama gari lililokatwa nusu. Haikuwa na usukani. Ilikuwa na vijiti viwili, na magurudumu yake manne hayakukunja kona. Ukitaka kugeuka, upande mmoja unakwenda mbele na mwingine nyuma, mashine inazunguka palepale huku ikichuna ardhi. Mbele ilikuwa na koleo pana lililoshikwa na mikono miwili ya chuma. Dereva alikaa ndani ya kizimba cha wavu, na mlango wa kizimba ulikuwa huko mbele, chini ya koleo. Koleo likiwa juu limebeba mzigo, dereva hana pa kutokea isipokuwa chini ya mzigo wake mwenyewe.

"Hiyo ni kasoro," nilimwambia. Nilikuwa nimeisoma kwenye jarida.

"Profesa," akasema, "hiyo nilijua kabla wewe ujue kufunga kamba ya viatu."

Mimi nilitaka trekta ndogo. Niliandika kurasa mbili nzima za ulinganisho. Trekta inalima, inavuta trela, inavuta tangi la maji, haiharibu udongo, na dereva akiona hatari anaruka pembeni. Shavo inabeba na kuchimba, inaingia mahali pembamba, basi. Mama alizisoma kurasa zote mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kisha akauliza ni ipi kati ya hizo inayoweza kutoa samadi zizini. Ilikuwa shavo. Sikuwa nimeandika neno lolote juu ya samadi.

Lakini tatizo letu halikuwa samadi. Tatizo lilikuwa baba mdogo.

Yeye na baba waligawana shamba la babu, na mpaka ukapandwa matoka, yale maua yenye vitunguu vizito chini ambayo kwetu hupandwa kuonyesha cha nani kinaishia wapi. Kung'oa itoka la mwenzako si jambo la kuombana radhi. Baba mdogo aliamini kwamba baba alimdanganya katika kuupanda mstari huo, na baba alipokufa, akaihamishia imani hiyo kwetu. Mwaka uliotangulia ng'ombe wetu alivuka akala mahindi yake. Alirudi akiburuta mguu wa nyuma, mshipa wa kisigino umekatwa kwa panga, safi kabisa. Tulimchinja alasiri ileile. Baba mdogo alituma mtu aje kuomba kipande cha ini.

Aliposikia tunataka kuingiza mashine shambani, alikuja hadi kwenye matoka akatuita mimi na kaka.

"Mtu akigusa hii mstari nitamkata mguu," akasema. "Sijasema nitampiga. Nimesema nitamkata."

Tulimwamini. Tulikuwa tumeila ile nyama.

Nilikodi trekta ndogo kutoka Kalimoni, na dereva wake. Katikati ya shamba ilinipa raha ya mtu aliyeshinda mjadala. Dereva alifunga mnyororo kwenye kisiki, akaufunga chini kabisa nyuma ya trekta. Nilimshauri aufunge juu zaidi ili uvute vizuri. Alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, nikiufunga huko juu hii trekta inasimama kwa miguu ya nyuma inanilalia. Unataka nife?"

Nikasogea pembeni. Mnyororo ulikaza, pua ya trekta ikainuka kidogo, mizizi ikaanza kukatika chini ya ardhi mmoja mmoja, kwa mlio kama wa mifupa. Kisiki kilichomoka ghafla kikarukaruka nyuma ya trekta kama kitu kinachoburutwa kwenda kuuawa. Kufikia saa kumi ulikuwa umebaki mstari mmoja tu, visiki kumi na viwili, katika uchochoro kati ya zizi na matoka. Mwisho wa uchochoro huo kulikuwa na tangi letu la mawe. Ng'ambo ya matoka baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda ananoa panga, bila haraka.

Dereva alitazama uchochoro, akatazama panga.

"Hapo nikiingia sigeuki bila kumkanyagia yule mzee matoka," akasema. "Hii inataka nafasi ya kugeuka. Tafuteni kitu kingine." Akafungua mnyororo wake akaenda.

Kaka alicheka tu. Akaenda kuangalia mafuta ya shavo.

Kesho yake asubuhi aliingia nayo uchochoroni. Lazima niseme kweli: ilikuwa nzuri. Iliingiza meno ya koleo chini ya kisiki, ikanguruma, ikainua nyuma yake yote hewani, kisha kisiki kikapasuka kutoka ardhini. Ilizunguka palepale, udongo ukirushwa ukutani kwa zizi, ikatoka, ikatupa, ikarudi. Ng'ombe walipiga teke milango. Baba mdogo alisimama upande wake, hatua mbili kutoka kwa matoka, panga likining'inia mkononi, akihesabu. Visiki kumi na kimoja vilitoka na hakuna jani la itoka lililotikisika.

Cha kumi na mbili kilikuwa na mzizi uliopita chini ya mpaka. Hakuna aliyeuona. Kaka alikiinua kisiki hadi juu ya kizimba, na kilipopanda, matoka matatu yakapanda nacho, yakaning'inia kwenye mzizi na vitunguu vyake vyeupe nje. Kaka alipoyaona alivuta vijiti arudi nyuma. Gurudumu la nyuma likatumbukia katika shimo la kisiki cha kumi na moja, mashine ikakwama, na injini ikazima.

Baba mdogo aliruka pengo la matoka yaliyong'oka. Akaingia chini ya koleo, katikati ya ile mikono ya chuma, akasimama kwenye mlango wa kizimba.

"Shuka," akasema.

"Nitashukaje na umesimama mlangoni? Toka hapo chini, baba mdogo. Hii kitu ni nzito."

"Hapa ni kwangu. Nitoke niende wapi?"

Pigo la kwanza liligonga chuma likatoa cheche. La pili lilimpata kaka chini ya goti. Nilisikia jinsi lilivyoingia, na nikasikia kaka akivuta pumzi kama mtu aliyeingia maji ya baridi. Hakuwa na pa kukimbilia. Wavu kushoto, wavu kulia, injini nyuma, na mbele yake mzee anayeinua panga mara ya tatu, na juu ya mzee huyo kisiki chenye uzito wa ndama.

Mimi nilikuwa nimekimbia nikafika nyuma ya baba mdogo. Kwa miaka minne nilikuwa nimefundisha vijana jinsi ya kumshawishi mtu kwa hoja. Nilimkamata kiunoni nikabana uso wangu mgongoni mwake, nikavuta. Alinipiga kwa mpini bila kugeuka, jino langu la mbele likavunjika, nikaendelea kuvuta kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya. Kiwiliwili chake kilitoka. Mguu wa kulia ulikuwa bado chini ya koleo lilipoanguka.

Sitaelezea sauti yake. Mama aliisikia kutoka jikoni.

Tuliwapeleka hospitali Thika wote wawili katika pikapu moja, kaka akiwa na leso ya mama imefungwa gotini, baba mdogo amelazwa juu ya magunia. Walitukanana mpaka Juja. Tulipofika kwa askari wa barabarani walinyamaza wote wawili, na tulipopita wakaanza tena.

Wiki ya tano baba mdogo alitoka na plasta na magongo. Aliita kikao cha ukoo kwetu uani, akaweka jambo lake wazi. Kama koleo lilianguka lenyewe, basi yeye alimkata kaka, mashine ikamvunja yeye, yamekwisha. Kama kaka aliliangusha, yeye anakwenda kituo cha polisi Ruiru kesho kuandikisha kwamba kaka alitaka kumuua. Kaka alikuwa na watoto watatu na mashine moja. Angefungwa miaka mingi.

"Lilianguka," kaka akasema.

"Uliliangusha," akasema baba mdogo.

Wanaume wanne wa ukoo, waliokuwa wakingoja chai, walinigeukia. Nilikuwa shahidi pekee, na siku ile sikuona kitu ila shati la baba mdogo.

Nikasimama nikatoa mhadhara. Nilieleza kwamba trekta ni hivi na shavo ni vile. Kwamba mikono ya shavo hushikiliwa na mafuta yaliyobanwa ndani ya mabomba. Kwamba injini ikizimwa koleo hubaki juu, isipokuwa dereva akanyage pedali, au bomba liwe limechakaa na mafuta yavuje, na hapo hushuka lenyewe. Bomba la shavo hii, nikasema, lilikuwa likivuja.

"Umeiona ikishuka yenyewe?" mmoja akauliza.

"Nimeiona," nikasema. Sikuwa nimeiona.

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi tuone sisi wote. Aiinue, azime. Na wewe msomi usimame chini, pale nilisimama."

Kaka alipanda, mguu mmoja ukiwa na bendeji, akaliinua koleo hadi juu, akazima injini. Niliingia chini yake. Kulikuwa na harufu ya grisi na udongo mkavu. Kutoka uani, kizimba kilikuwa giza tupu, na mikono ya chuma iliwazuia wote kuona ndani. Nilipokuwa mimi, macho yangu yalikuwa sawasawa na miguu ya kaka.

Tulingoja. Koleo halikushuka hata unywele. Nilisikia vikombe vikigongana jikoni. Kisha niliona kidole kikubwa cha kaka, katika patipati, ile ndala yake ya buluu, kikisogea taratibu hadi kwenye pedali na kuigusa. Kilijua kiasi gani hasa cha kukanyaga. Juu ya kichwa changu chuma kilianza kushuka.

Nilimtazama kaka usoni. Yeye alitazama mbele, juu ya kichwa changu, kama dereva yeyote.

Nilitoka koleo likinigusa nywele. Wanaume walikuwa wakinung'unika kwamba kweli, inashuka. Baba mdogo hakuitazama mashine. Alinitazama mimi.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Inavuja," nikasema.

Alisugua plasta yake kwa kucha. "Ehe," akasema mwishowe. "Hata mimi nilikuwa hapo chini. Ilivuja hivyohivyo." Akawageukia wale wanne. "Mimi sina kesi na huyu kijana. Lakini matoka nitaonyesha mimi yatapandwa wapi, na hawa wawili watachimba."

Hakuna aliyepinga, kwa kuwa chai ilikuwa imefika.

Jumatatu alikuja na magongo yake akaonyesha kwa ncha ya gongo: hapa, hapa, na hapa, ndani kabisa ya upande wetu, hadi mpaka ukakaribia kugusa ukuta wa zizi. Uchochoro ulibaki mwembamba hata kwa shavo. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni akitazama ardhi ya mumewe ikipungua, akatuuliza kwa nini tunanyamaza. Tulikuwa tumeinama na majembe. Kaka alichimba kwa mguu mmoja, mwingine umenyooka pembeni.

"Uliona?" akaninong'oneza.

"Chimba," nikamwambia.