Lango la Ami Mzamil

Ruweida Aidarus wa Bondeni hutengeneza vipande vya vinanda vya umeme, vile ambavyo mpigaji huviunga mwenyewe kwa nyaya, kila kipande na kazi yake. Vyake ni viwili. Kimoja ni lango: kidole kikigusa, lafunguka na sauti yapita, kikiondoka, lafungwa. Cha pili huipa sauti umbo: ianze kwa ghafula au kwa upole, ikae muda gani, ife vipi.

Ami yake, Mzamil, alipiga kinanda arusini miaka mingi, mpaka kiharusi kikamlaza. Alipoinuka, mkono wa kuume ulikuwa mzito na vidole vikitetemeka hata kwa kikombe cha chai. Kinanda kikafunikwa shuka.

Ruweida alijifungia na kazi yake, akatengeneza lango lililoshika sauti likiguswa mara moja tu, ili mtetemeko usiikate. Akampelekea ami yake, akakifunua kinanda na kukiunga nyaya. Mzee akapiga. Sauti zikatoka laini, zimenyooka, kama za ujanani. Mkewe, Bi Khairiya, alisimama mlangoni akilia.

Mzamil akaondoa mkono.

"Nani huyo apigaye?"

"Ni wewe, ami."

"Si mimi. Mkono wangu watetemeka, mwanangu. Kitu hicho chanificha."

Ruweida alirudi nyumbani na uchungu. Alidhani amemrudishia mkono wake. Hata hivyo alikwenda tena, akawa akikaa kando yake na kuvitazama vidole vikijaribu, akaona vilikuwa dhaifu lakini si bubu: palikuwa na nguvu kidogo iliyopanda na kushuka. Akalivunja lango la kwanza, akaunda jingine lililofuata uzito wa kidole, hata uwe mdogo namna gani. Kikilegea, sauti nayo ikalegea.

Mara hii wimbo ulitoka umekatikakatika, mahali pengine ukazimika kabisa. Mzamil alipiga mpaka mwisho, jasho likimtoka.

"Huyu namjua," akasema.

Tangu hapo alipiga kila baada ya alasiri, dirisha wazi, majirani wakazoea. Alifariki mwaka jana, mwezi wa Rajabu. Matanga yalipoanuliwa, Ruweida alikwenda kuzichomoa nyaya.

"Ziache kwanza," Bi Khairiya akamwambia. Ruweida akaziacha, akakaa naye kando ya kinanda mpaka adhana ya magharibi.