Dakika Tatu za Mama wa Itiryo

Kilichoninyima usingizi majuma yale ni swali dogo: je, nilichomoa kamba ya simu kabla yule mama hajaanza kusema, au alikuwa ameshaanza? Nilimsikia akivuta pumzi. Baada ya pumzi palikuwa na neno, au hapakuwa na neno. Nililirudia jambo hilo kichwani mpaka nikaanza kuwaza kwamba labda hata pumzi yenyewe haikuwa yake, ulikuwa upepo tu kwenye nyaya za kati ya Tarime na Musoma.

Nilikuwa opereta wa simu. Nilimaliza kidato cha sita, nikapelekwa mafunzoni miezi tisa, kisha nikapangiwa kituo cha Tarime. Nyumbani, Morotonga ya Mugumu, baba aliwaambia watu kwamba binti yake siku hizi anaongea na serikali. Ukweli ni kwamba kwa siku nzima nilisema maneno yale yale. Tarime, namba tafadhali. Subiri. Laini ina watu. Ongea sasa. Dakika tatu zimekwisha. Nilikuwa nimesoma historia na fasihi miaka miwili, na nilipokuwa nikivaa vile vyombo vya masikioni vilivyonibana mpaka mishipa ya kichwa ikagonga, nilijiuliza kama mtu anaweza kusahau maneno mengine yote kwa kutoyatumia.

Swichibodi yetu ilikuwa ya mbao, imejaa matundu kama sega la nyuki. Mtu akizungusha mkono wa simu yake huko alipo, kibao kidogo kilianguka juu ya tundu lake, nami nachomeka kamba. Laini za kutoka nje ya wilaya zilikuwa mbili, na moja ilikuwa mbovu tangu nifike. Iliyobaki ilipita Musoma, na kwa hiyo moja watu wote wa Tarime waliongea na nchi nzima, kwa zamu, huku wakinilaumu mimi.

Zamu niliifanya na mwanamume aliyenizidi miaka kama kumi, ambaye nilimwita kaka. Yeye alikuwa ameshazoea. Kila asubuhi alitangaza hali ya laini kama mtu anayetangaza mvua.

"Mugumu leo hawapo," aliniambia siku moja. "Waya wao umekatwa, uko porini Natta, umetegewa nyumbu."

"Si wawakamate hao wanaoukata?"

"Wawapigie simu kwanza polisi," akasema, "kwa waya upi?"

Yeye alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa Mugumu ndiko kwetu, na nilikuwa nimekaa katikati ya simu zote za wilaya bila njia ya kumsalimu mama yangu.

Kanuni ilikuwa hivi. Simu ya serikali au ya chama ilipita kwanza na haikuhesabiwa muda. Raia alipewa dakika tatu, na foleni ikiwapo haongezewi. Niliwahi kumsikiliza ofisa mmoja akiongea dakika kumi na moja na mwenzake wa Musoma kuhusu suruali aliyoiacha kwa fundi, kama ipunguzwe kiunoni au la, wakati kwenye benchi letu wamekaa watu saba, wengine tangu asubuhi. Kusikiliza kwenyewe kulikatazwa. Tulikula kiapo cha kutunza siri. Lakini ilitubidi tusikilize kidogo ili kujua kama laini inapitisha sauti, na hakuna aliyewahi kunieleza kidogo ni kiasi gani. Jambo hilo nalo nililiwaza sana.

Yule mama alikuja kwa mara ya kwanza siku ya Ijumaa. Alikuwa mjane kutoka Itiryo, na mwanawe alifanya kazi katika kiwanda cha nguo Mwanza. Nikampigia, Mwanza wakamwita kijana, na aliposhika simu nikaanzisha saa. Mama akawa ndani ya kibanda cha mbao kilichokuwa kando ya kaunta, mlango umefungwa.

Walisalimiana. Kikurya nilikielewa kuliko nilivyokisema. Mama aliuliza habari za kazi, za kifua kilichokuwa kikimsumbua kijana, za mke, za mtoto mmoja mmoja. Kijana akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mjomba, za shangazi aliyeolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya. Laini ilikuwa na ngurumo, kwa hiyo kila salamu ilisemwa mara mbili. Hakuna aliyekuwa na haraka. Mshale wa saa ulipofika, nikasema, "Dakika tatu zimekwisha." Nikasikia ile pumzi. Nikachomoa.

Mama akatoka kibandani ameshika leso. "Mwanangu, imezimika," akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Iwashe, nilikuwa sijasema."

"Shikamoo mama. Muda umekwisha. Mpaka uandikishe upya, na leo foleni ni ndefu."

"Nilikuwa ninamsalimu tu."

Ndipo akanieleza, akiwa ameegemea kaunta. Walikuwa wanahamishwa. Malori yangekuja kuwapeleka kijiji kipya, na nyumba ya zamani ingebomolewa. Mumewe alizikwa pale, kando ya zizi, bila saruji wala jiwe. Nyumba na zizi vikiondoka, ng'ombe wa watu watapita, majani yatafunika, na baada ya masika mawili hakuna atakayejua. Mtoto huyu wa kiume alikuwa mdogo baba yake alipofariki. Mama alitaka aje aonyeshwe kwa mkono, kabla ya malori. Ni hilo tu.

"Tuma simu ya maandishi," kaka akamshauri kutoka kwenye kiti chake. "Njoo haraka. Maneno mawili."

Mama akamtazama. "Wewe ukiletewa karatasi ya njoo haraka, unafikiri nini?"

Kila mtu alijua karatasi ile huja na msiba. Mama alikuwa ameshaandikiwa na mwalimu wa shule barua ya kumwita kijana, bila kutaja kaburi, na jibu halikuja.

"Basi nimwambie mimi," nikasema. "Laini ikipatikana nitamweleza."

"Habari ya kaburi la baba yake aambiwe na nani? Na mtu asiyemjua?" Hakusema kwa ukali. "Hapana, binti. Hiyo nitasema mimi."

Ijumaa iliyofuata alirudi. Nilimwomba kabla hajaingia kibandani, "Mama, leo anza na lile jambo." Akaitikia vizuri. Akaingia, akashika simu, akaanza na kifua cha kijana. Mimi nilikaa nimeikodolea macho saa, ninamsihi moyoni, sasa, sasa. Zilipobaki sekunde chache kijana akauliza kama mvua imenyesha. Nikatamka yale maneno yangu na mkono wangu ukachomoa kamba, kwa sababu kibao cha ofisi ya chama kilikuwa kimeanguka.

"Nimekwambia uanze na jambo," nikamwambia alipotoka, na nilisikia mwenyewe jinsi sauti yangu ilivyokuwa mbaya.

"Nimwangushie kaburi kabla sijamwuliza kama yuko hai?" akasema. "Wewe kwenu mnafanya hivyo?"

Kwetu hatufanyi hivyo. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Nilikwenda kwa mkuu wa kituo. Alikuwa mzee mnyoofu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nikamwuliza kama ningeweza kumwongezea raia mmoja dakika mbili.

"Ukimwongezea huyu, wa pili utamwambia nini?"

"Kwamba yule alikuwa na shida."

"Kuna anayekuja hapa bila shida?" Akafunika kalamu. "Hapa hatuuzi mazungumzo, binti. Tunauza dakika."

Siku mbili baadaye, nikiwa ninafua, bado nilikuwa ninamjibu moyoni. Niliwaza kwamba nikivunja kanuni nitafukuzwa, na baba atawaambia nini watu wa Morotonga. Niliwaza kwamba nisipoivunja, kaburi la mtu litapotea, na nitakuwa nimelipoteza mimi kwa mkono huu huu. Niliwaza pia kwamba huenda ninajipa ukubwa, na kwamba mama angepata njia nyingine. Nikalinganisha mawazo hayo mpaka sabuni ikakauka mikononi.

Kisha nikagundua kitu ambacho mtu asiyewaza sana angekiona siku ya kwanza. Mama alikataa nimpelekee jambo lake. Hakukataa nimpelekee salamu. Salamu kila mtu hubebewa. Anayekwenda mnadani hutumwa salamu, anayepita njiani hutumwa salamu, hata asiyewajua wanaosalimiwa. Na kila asubuhi, kabla ya kufungua kituo saa mbili, tulikuwa na nusu saa ya kujaribu laini, Tarime na Musoma, Musoma na Mwanza, tukisema halo halo, moja mbili tatu, bila maana yoyote.

Ijumaa ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Malori yalitarajiwa Jumatano, na kijana angehitaji siku mbili za kusafiri. Saa moja na nusu nilimkuta mama ameketi kwenye ngazi. Alikuwa amelala kwa ndugu yake karibu na soko.

"Shikamoo mama. Nipe salamu zote za mwanao. Zote, usiache hata moja. Nitazipeleka sasa hivi, na zake nitakuletea. Ukishika simu saa mbili mtakuwa mmeshasalimiana."

Akaanza kuzitaja, nami nikaziandika nyuma ya fomu iliyoharibika: kifua, mke, watoto, mjomba, ng'ombe mweusi aliyezaa, jirani aliyepona mguu.

Kaka alipoona ninazungusha mkono nje ya ratiba ya majaribio, aliinua kichwa. "Unampigia nani?"

"Najaribu laini."

"Unajaribu mpaka kiwandani?"

"Mpaka kiwandani."

Akatazama karatasi yangu, akatikisa kichwa. "Mimi sijakuona," akasema, akageuzia kiti dirishani.

Opereta wa Mwanza, sauti ya mwanamke ambaye sijawahi kuonana naye, aliniunganisha bila kuuliza. Kijana alikuja akihema. Nikamwambia mimi ni wa simu, Tarime, na kwamba mama yake ni mzima na ananituma salamu. Nikamsomea. Akaitikia moja baada ya nyingine, akauliza rangi ya ndama, sikujua, nikamwomba anisubiri, nikakimbia nje kuuliza. Mweusi, kama mama yake. Nilikuwa ninamwambia kijana hivyo, mkuu wa kituo akaingia.

"Hiyo ni simu gani?"

Ningeweza kusema ni jaribio. "Nampelekea mtu salamu, mzee," nikasema. "Bado mjomba wake."

Alisimama nyuma yangu. Sikugeuka. Nikamsalimia kijana kwa niaba ya mjomba, nikachukua salamu zake zote, nikamwambia asiende mbali, mama yake atapiga saa mbili. Nilipogeuka, mzee alikuwa amekwenda mezani kwake na ameanza kuandika. Nilijua ananishtaki mimi, na nilijua barua yake itafika kwa wakubwa wetu.

Nilimletea mama salamu zake pale kwenye ngazi, moja moja, naye akaitikia kila moja kama kijana amesimama mbele yake. Saa mbili kamili nikamwingiza kibandani, nikaita Mwanza, nikachomeka kamba, nikaanzisha saa.

"Mwanangu," mama akasema, "Jumatano wanatuhamisha. Njoo nikuonyeshe baba yako alipolala."

Nikavua vyombo vya masikioni, nikaviweka mezani, nikabaki kutazama saa tu.