Gemu Lililoombewa Dua

Mwaka huu nasubiri vitu viwili: gemu jipya la kompyuta na filamu ya nyimbo. Juzi, kazini bandarini Wesha, nikasoma kwenye simu kuwa gemu limeahirishwa tena. "Inna lillahi!" nikatamka, machozi yakanilenga, mjinga mie.

Bi Time wa ofisini akanishika bega. "Pole, mwanangu."

Kwa haya sikumweleza ukweli. Kosa langu, yeye alifanya utu. Akawaita wachukuzi, wakatua magunia ya karafuu. Mzee Hamadi, mkubwa wao, akaomba dua, sote tukaitikia amin. Na mimi pia!

"Marehemu jina lake nani, tumtaje?" akauliza.

"Ni gemu, mzee. Limeahirishwa."

Mikono ikabaki juu.

"Kwa hiyo hajafa mtu?" Bi Time akauliza.

"Hajafa, Bi. Hata ile filamu i salama."