Mlolongo wa Friji na Mvua

Juma lililopita nilikuwa nimekaa jikoni nikimenya viazi, redio ikiongea peke yake dirishani, nikasikia kijana mmoja akipanga albamu bora za mwaka wa themanini na saba. Alizipanga kumi, zile za sinthesaiza, vinanda vya umeme, na zile za magitaa ya kelele, muziki ambao siku hizi wanauita mbadala. Nilitega sikio. Alizitaja kwa sauti ya mtu anayesoma menyu ya hoteli asiyowahi kula. Mwisho akacheka, akasema, "Lakini kwetu huku wazee walikuwa na kwaya na rumba. Hakuna aliyejua vitu hivi."

Nilizima redio kwa kisu cha viazi, kwa ncha yake, nikaharibu kitufe.

Hakuna aliyejua? Mimi nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti hapa Eldoret, mlango mmoja kutoka duka la mbegu. Vitu hivyo nilivicheza kutwa, spika ikiwa nje barazani, na watu walikuja kwa miguu kutoka Langas na kwa malori kutoka Turbo kuvisikiliza. Huyo kijana hakuuliza mtu. Angeuliza angejua kwamba mji huu ulipata rekodi hizo kabla ya miji mingi mikubwa, na sababu ni wakimbiaji. Vijana wetu waliokwenda kukimbia Ulaya na wale waliosomea Marekani kwa nguvu ya miguu yao walirudi nyumbani na viatu, saa za mkononi, na rekodi. Viatu walivaa, saa waliwapa baba zao. Rekodi waliniletea mimi kwa sababu kwao hakukuwa na cha kuzichezea. Mmoja aliniletea pia gazeti la muziki la huko, na humo ndimo nilimoona kwamba kuna watu kazi yao ni kupanga albamu za mwaka, ya kwanza mpaka ya mwisho. Niliona hiyo ni kazi ya mtu kama mimi. Nilikuwa na kidato cha nne na masikio mazuri.

Basi kila mwaka nilipanga yangu. Nilitundika ubao mlangoni na kuandika kwa chaki. Orodha yangu haikutoka Desemba kama za wazungu, maana rekodi zilifika kwetu zimechelewa. Niliitoa mwaka mpya ukishachangamka, mashamba yakilimwa na mvua haijaanza. Majina yake ya kweli wateja hawakuyajali, mengine yalikuwa ya Kijerumani na hata mimi sikuyaweza. Tuliyabatiza upya. Ile ya themanini na saba iliyokuwa na ngoma za mashine, dum dum bila kupumua, waliiita Posho Mill, kinu cha kusagia mahindi. Dereva mmoja wa lori la mahindi, mtu wa Turbo mwenye maneno mengi, ndiye aliyeipa jina. Alisema akiisikia anatafuta gunia lake. Nyingine ilikuwa na mwimbaji anayelalamika kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Hiyo iliitwa Mgonjwa, na nilirekodi kaseti zake nyingi kuliko za zote mbili zilizokuwa juu yake. Nadhani mwaka ule kila mtu alikuwa na cha kulalamikia.

Juu kabisa, kwa hesabu yangu, ilikuwa Friji. Mtu mmoja na vinanda vyake vya umeme, hakuna kuimba, mvumo tu chini kabisa, kama friji iliyo chumba cha pili, na juu yake vidonge vya sauti vinaanguka kimoja kimoja. Rekodi ile ilikuwa yangu mwenyewe, sikuiazima. Niliisifu kwa kila aliyeingia. Nilimsimamisha mtu aliyekuja kununua betri nikamlazimisha kusikiliza upande mzima.

Mshindani wake alikuwa Mvua. Hiyo ililetwa na msichana mmoja aliyekuwa akishona sweta kwa mashine karibu na soko na kukaa Langas na dada yake. Alipewa na binamu yake mkimbiaji. Ilianza kwa vinanda kama matone ya kwanza juu ya mabati, halafu magitaa yakaingia kama mvua yenyewe, na sauti ya mwanamke nyuma yake kama mtu anayeita watoto waingie ndani. Alikuwa akija kila Jumamosi mchana. Tulikuwa tumeanza kuzungumza mambo ya kwenda kuonana na wazazi. Alikuwa amesema atanijibu mashamba yakishapandwa, nami sikuwa na wasiwasi na jibu.

Sasa mwaka huo wa themanini na nane ulianza na kura ya mlolongo. Wasioijua, ni hivi: hakukuwa na karatasi wala sanduku. Chama kilikuwa kimoja, na kumteua mgombea wake ulisimama nyuma ya mtu aliyeshika picha ya unayemtaka, mchana kweupe, uwanjani, jirani yako na mwajiri wako wakikuona. Sisi tulisimama katika uwanja wa shule moja ya msingi. Yule msichana wa Mvua alikuwa mbele yangu, nami nimeshika kibegi chake. Mlolongo wetu ulizunguka goli la mpira ukarudi mpaka vyooni. Ule mwingine ungetosha kwenye mabenchi mawili ya kanisa, na watu wake walikuwa wakitazama chini.

Msimamizi alipita akihesabu kwa kugusa watu mabegani. Alipofika katikati ya mlolongo wetu alichoka, akarudi kwenye meza. Akasoma karatasi. Yule wa mabenchi mawili alikuwa ameshinda.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja nyuma yangu aliuliza kwa upole, kama anayeuliza saa, "Kwani sisi ni vivuli?"

"Matokeo ndiyo hayo," alisema msimamizi. "Tawanyikeni kwa amani." Akaingia kwenye Land Rover.

Ninapoandika haya bado nina hasira. Kuibiwa mbuzi nimewahi kuibiwa. Lakini mwizi wa mbuzi huja usiku na kukimbia. Huyu alituibia tumesimama, tukimtazama, kisha akatuamuru twende nyumbani kwa amani. Tulipokuwa tukirudi mjini, tulipofika lami, msichana wangu akasema, "Nilisimama pale. Niliiona miguu yangu. Yeye ameandika haikuwapo."

Jumamosi iliyofuata alikuja kibandani na Mvua chini ya kwapa. Nilikuwa nafuta ubao nipange orodha.

"Kwa nini upange peke yako?" aliniuliza. "Friji na Mvua, tufanye mlolongo. Uhesabu wewe."

"Mchezo huo haujakuchosha?"

"Ndiyo maana. Nataka kuona mtu mmoja akihesabu watu kama watu. Mara moja tu, hata kama ni wa muziki."

Nilikubali. Niliona ni jambo zuri, na ni kweli lilikuwa zuri. Tukatangaza kwamba albamu itakayoshinda ndiyo itakayocheza kwenye spika ya nje mpaka mahindi yaote. Watu walikuwa wengi mjini, siku ya soko. Yeye alisimama upande wa duka la mbegu ameinua jalada la Mvua juu ya kichwa. Mimi niliegemeza la Friji kwenye kiti mlangoni kwa sababu mwenyewe nilikuwa msimamizi. Watu walikuja wakicheka. Ilikuwa kama wanajitibu. Waliokuwa uwanjani juma lile walikuja, na ambao hawakujua sinthesaiza ni nini walikuja pia. Mlolongo wa Mvua ulipita duka la mbegu, ukapita fundi wa viatu, ukakunja kona. Wa Friji uliishia pale pale barazani.

Dereva wa Turbo alikuwa wa Mvua. "Fundi!" alinipazia sauti mimi. "Ukihesabu huko kwenye kona usichoke, tutakuletea chai!"

"Shikeni nidhamu," nilisema.

"Aisee, amekuwa D.O., bwana mkubwa wa serikali!"

Walicheka, na msichana alicheka zaidi ya wote, jalada likitikisika juu ya kichwa chake. Nikaanza kuhesabu, nikigusa kila mtu begani. Kadiri nilivyotembea ndivyo moyo ulivyokuwa mzito, na si kwa sababu ya siasa. Nilikuwa nikiwaza: huyu alinunua kaseti ya Mgonjwa tu, huyu hajawahi kuingia kibandani, huyu anauza mandazi. Wanajua nini? Mimi ndiye niliyesoma lile gazeti. Nilipofika kwenye kona sikukunja.

Nilirudi barazani, nikapanda kwenye kreti ya soda, nikasema Friji imeshinda.

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka soko kuu. Walidhani namwigiza yule msimamizi. "Wacha wewe!" dereva alinipigia makofi. "Hata ng'ombe wa Turbo anaona ule mlolongo!" Msichana pia alicheka mpaka akajifuta macho. Ningeweza kuishia pale. Ningeshuka kwenye kreti, niseme nimetania, niweke Mvua kwenye playa, na leo tungekuwa na hadithi nzuri ya kuwasimulia wajukuu. Hakuna aliyenishikia bunduki. Hakuna mkubwa aliyeniita ofisini. Nilichukua chaki nikaandika Friji juu, Mvua chini yake. Kicheko kilikatika taratibu, mtu mmoja mmoja, kama taa za maduka jioni.

Msichana alikuja mpaka ubaoni. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi cheka, ufute."

"Matokeo ndiyo hayo," nilisema.

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Uongo. Najua yalitoka wapi, nilikuwa nimeyasikia juma lile lile na kuyatukana kila jioni.

Alishusha jalada. "Yule wa uwanjani hanijui," alisema, bila kupandisha sauti. "Wewe umenishikia kibegi."

Akarudisha jalada lake chini ya kwapa akaenda. Dereva alinitemea mate karibu na kiatu, akamfuata. Waliokuwa nyuma yao walifuata hivyo hivyo walivyokuwa wamesimama, mmoja nyuma ya mwingine, na kutoka juu ya ile kreti niliuona mlolongo wote ukitoka kwenye kona, mrefu kuliko nilivyodhani, ukipita mbele yangu.

Friji ilicheza barazani. Ilikuwa nzuri vile vile na hakuna aliyesimama. Baada ya Jumamosi kama tatu nilikwenda Langas. Dada yake alifungua mlango nusu.

"Ametoka."

"Atarudi saa ngapi, dada?"

"Amesema uhesabu viatu hapo mlangoni. Kama vyake havimo, hayupo."

Niliinama nikatazama. Vilikuwemo, vile vya bluu vya mkanda. Nikamshukuru dada yake, nikarudi mjini. Mahindi yalipoota sikuulizia jibu. Nilisikia baadaye aliolewa na mwalimu huko njia ya Webuye.

Kwa miaka nilisimulia habari ya uwanja ule. Niliisimulia kwenye hoteli za chai kwa sauti ya chini wakati ilikuwa hatari, na kwa sauti ya juu vyama vilipokuwa vingi na kila mtu ghafla akawa shujaa. Nilikuwa nikigonga meza. Ya kibandani sikuisimulia hata mara moja, wala kwa mama wa watoto wangu, ambaye niliishi naye vizuri mpaka alipofariki. Ninaudhika na watu wa aina yangu. Tunajua sana kukasirika tukiwa kwenye foleni. Tupe chaki tu.

Basi baada ya kumzima yule kijana wa redio, nilimwomba binti yangu aitafute Mvua kwenye simu yake. Nilikuwa sijaisikia tangu siku ile. Tuliiweka mezani kati ya maganda ya viazi. Matone yalianza juu ya mabati, magitaa yakaingia, yule mwanamke akaita watoto wake. Nilijua nitalia na sikulia. Upande wa pili ni mrefu mno, na kuna wimbo mmoja usio na kazi yoyote. Halafu nikamwambia aweke Friji. Friji ni bora. Ilikuwa bora mwaka ule na ni bora leo, na hata yule kijana wa redio, pamoja na ujinga wake, aliiweka ya tatu.

Ningependa kusema nilikosea kwa masikio. Ingekuwa rahisi. Masikio yangu hayakuwa na kosa, na ndivyo ninavyojua kosa lilikuwa wapi.

Binti yangu alinitafutia kipande cha ubao wa zamani wa shule na chaki. Nimekitundika jikoni. Posho Mill ni ya nne na Mgonjwa ni ya tatu, hizo nimezipanga mwenyewe. Friji nimeiandika ya pili, mkono ukikataa kidogo. Juu yake nimeandika Mvua. Binti aliniuliza, "Lakini baba, si umesema ile nyingine ndiyo nzuri?"

"Nimesema."

"Sasa?"

"Watu walisimama," nilimwambia. "Mpaka kwenye kona."