Mnara Usio na Mlango

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyokaa juu ya jiwe katika nchi ya watu, tangu asubuhi hadi alasiri, nikimngoja mtu ambaye hakuwepo. Naandika polepole, maana shule yangu iliishia darasa la saba, na aibu ninayo tangu utoto. Nivumilie.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Nilikuwa nauza mitumba sokoni Mkuyuni, na vijana wenzangu walikuwa wanakwenda Zambia na Zimbabwe kutafuta bidhaa. Mimi nilitumwa jambo jingine. Mjomba wangu, kaka wa mama, aliyenilea kwetu mlimani, alikwenda kusini ujanani mwake kutafuta kazi ya migodi. Njiani lori lao lilipita karibu na mji wa kale wa mawe, kule Zimbabwe. Mwenzake akamwambia kwamba mle ndani kuna mnara mrefu usio na mlango wala dirisha. Lori halikusimama. Mjomba akarudi nyumbani, akawa fundi wa kujenga kuta za mawe za kuzuia udongo mashambani, na miaka yote hiyo alijiuliza: ndani ya mnara ule kuna nini?

Alipoanza kuugua aliniita. "Mjomba, miguu yangu imekwisha. Nenda wewe. Ukirudi uniambie kuna nini ndani."

Nilipanda treni Kisaki, daraja la tatu, na mfuko wa mihogo mikavu. Nililala vituoni, nikabadilisha mabasi hata nikasahau ni siku gani. Kila mpaka ulinichanganya. Fomu hii inajazwa wapi? Foleni ipi ni ya kutoka, ipi ya kuingia? Mara mbili nilisimama kwenye foleni isiyo yangu, kwa sababu niliona haya kumuuliza mtu aliyekuwa mbele yangu.

Hatimaye nikafika. Getini nikapewa tiketi, nikatembea hadi ukutani. Mwanangu, mawe yamepangwa juu ya mawe bila saruji, na ukuta unaipita migomba kwa urefu. Nikasimama penye nafasi ya kuingilia, nikapiga hodi. Kimya. Sasa kwetu, ukifika penye makaburi au msitu wa ukoo, hukanyagi mpaka mzee wa ukoo akutangulie. Nikakaa nje nimngoje.

Wazungu wenye mabegi mgongoni wakaja, wakaingia bila hodi, wakatoka wanacheka. Sikuelewa. Walikuwa wameshaombewa ruhusa? Au mwenyeji yumo ndani, amenisahau? Kila walipopita wengine nilizidi kuchanganyikiwa.

Alasiri mlinzi akanijia, akanisemesha kwa Kiingereza. "Wewe, tangu asubuhi unafanya nini hapa?"

Nikaokoteza maneno ya darasa la saba. "Namngoja mwenye mji, aniingize."

Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mwenye mji? Alikufa hata babu wa babu yako hajazaliwa! Utamngoja mpaka lini?"

Halafu akanitazama usoni, akaacha kucheka. Akavua kofia yake. "Twende upesi. Tunakaribia kufunga."

Akanitangulia. Tulipita katikati ya kuta mbili, njia nyembamba ya mtu mmoja, nikauona mnara. Nikaugusa. Mlinzi alisimama karibu yangu, mtu wa pale pale, anayepajua. Swali la mjomba lilikuwa mdomoni. Nikawaza: ameshanicheka mara moja. Nikanyamaza. Tukatoka.

Nyumbani mjomba alijiinua kitandani. "Enhe! Kuna nini ndani?"

Nilitaka kudanganya, ulimi ukakataa. "Sijui, mjomba. Niliona haya kuuliza."

Nikamsimulia nilivyongoja nje na mlinzi alivyonicheka. "Kungoja nje sikulaumu," mjomba alisema. "Hiyo ni adabu, mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini mtu akishakuja kukukaribisha, haya ya nini tena? Umevuka nchi mbili, umeshindwa neno moja?" Kisha, taratibu, akaniuliza ukubwa wa mawe na jinsi yalivyopangwa. Nilimweleza yote niliyoyaona. Masika hayakumkuta.

Miaka mingi baadaye mhadhiri mmoja wa historia alikuja kununua shati kwangu. Nikajikaza, nikamuuliza ndani ya mnara ule kuna nini. "Hakuna kitu," akasema. "Ni mawe matupu mpaka katikati." Siku ile ile nilifunga biashara, nikapanda mlima hadi kaburini, nikapiga hodi, nikamwambia.

Wewe, mwanangu, wiki ijayo unaondoka na begi lako kwenda kutazama nchi za watu, na simu yako ina ramani. Piga hodi penye watu, piga hodi hata penye waliolala. Lakini akitokea wa kukuitikia, muulize. Akikucheka, mwache amalize, kisha muulize tena. Nyuma yako kuna mtu anangoja jibu, na siku zake hazikungoji wewe.

Mungu akutangulie mlangoni kama yule mlinzi alivyonitangulia mimi, na akurudishe tungali hai, tukusikilize.